Kabla ya Kuamini Namba ya Kamera ya Joto

Ndani ya kamera ya joto hamna kipimajoto. Kuna lenzi ya gerimani (germanium), na nyuma yake kibao kidogo chenye maelfu ya vihisio vinavyopokea mionzi ya infraredi, ile ya mawimbi ya mikromita 8 hadi 14 hivi ambayo jicho haliioni. Kila kitu hutoa mionzi hiyo, hata barafu iliyobaki kileleni mwa Mlima Kenya. Kamera huipokea, hufanya hesabu, kisha huandika nyuzi kwenye skrini. Hesabu hiyo inategemea namba ambazo mtumiaji amezijaza kwenye menyu. Asipozijaza, kamera hutumia zile ilizotoka nazo kiwandani, ambazo hazijui lolote kuhusu swichibodi ya Othaya wala paa la Nanyuki.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kifaa hiki si tena mali ya makampuni makubwa peke yake. Siku hizi kuna kamera za joto za kuchomeka kwenye simu, na fundi wa stima mwenye bidii anaweza kumiliki moja. Ni jambo jema. Lakini pamoja nazo zimekuja ripoti zenye picha nyekundu za kutisha na namba zilizoandikwa kwa uhakika, na meneja anayezisoma hana njia ya kujua kama namba hizo zina msingi. Swali linalopaswa kuulizwa kabla ya mengine yote ni hili: kamera ilikuwa imepangwaje?

Fikiria viwanda vya chai vya Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati. Ni viwanda vya wakulima wadogo, vilivyo chini ya mwavuli wa KTDA, wakala wa chai ya wakulima hao. Kiunganishi kikilegea kwenye swichibodi ya feni za kunyaushia majani, kikapata moto na kuunguza mota wakati majani yanamiminika, mzigo huo haumwangukii injinia. Majani yanaharibika yakingoja, na hasara inaingia kwenye hesabu ileile inayotoa bonasi ya mkulima. Kamera iliyopangwa vizuri hukiona kiunganishi hicho wiki kadhaa mapema. Iliyopangwa vibaya inaweza kukipiga picha na kusema kiko salama.

Jaribio la sufuria

Mpangilio wa kwanza na mzito kuliko yote ni emisiviti. Hii ni namba kati ya 0 na 1 inayoeleza uso wa kitu hutoa sehemu gani ya mionzi ambayo uso mweusi kamili, wa joto lilelile, ungetoa. Ngozi ya binadamu iko kwenye 0.98 hivi, maji 0.96. Tepu nyeusi ya mafundi wa stima, rangi isiyong'aa, matofali na mbao ziko kati ya 0.90 na 0.95. Shaba iliyong'arishwa na alumini iliyosuguliwa zinaweza kushuka hadi chini ya 0.10. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 0.95.

Anayetaka kuona maana ya namba hizo na afanye jaribio hili jikoni. Atafute sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa stilwuli mpaka ikang'aa, abandike kipande cha tepu nyeusi ubavuni, halafu amimine ndani maji yaliyotoka kuchemka. Asubiri dakika moja, kisha aielekeze kamera kwenye ubavu huo, ikiwa bado kwenye 0.95. Kwenye tepu itaandika nyuzi 85 au zaidi. Sentimita moja pembeni, kwenye alumini tupu, itaandika karibu nyuzi 30, ingawa mkono ukigusa hapo utaungua. Joto ni lilelile. Kilichobadilika ni uso. John Leslie wa Scotland alieleza jambo hili mwaka 1804 kwa kutumia sanduku la chuma lililojaa maji moto, upande mmoja umepakwa masizi na mwingine umeng'arishwa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, kulisahau bado ndilo kosa linaloongoza katika ripoti za ukaguzi wa joto.

Jaribio hilo lina somo jingine kwa watu wa milimani. Ukitaka kuhakikisha kamera yako haijapotoka, usitarajie maji ya Nyeri yachemke kwa nyuzi 100. Mji uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika takriban nyuzi 94. Nyahururu, kwenye zaidi ya mita 2,300, huchemka karibu na 92. Anayelinganisha kamera yake na namba ya vitabuni atadhani imepungukiwa nyuzi sita, airudishe dukani au, vibaya zaidi, aongeze nyuzi sita kwenye kila ripoti. Barafu inayoyeyuka ndani ya maji safi ni kigezo bora zaidi, kwa kuwa sifuri yake haisogezwi na mwinuko kwa kiasi cha kuhesabika. Na kumbuka kwamba kamera nyingi zenyewe zinaahidi usahihi wa nyuzi 2 juu au chini, au asilimia 2. Ripoti inayobishana juu ya nusu nyuzi inadai kitu ambacho chombo hakitoi.

Boliti ya nyuzi 90

Sasa tutoke jikoni twende kwenye swichibodi. Chukua boliti ya shaba ambayo bado haijapoteza mng'ao wote, emisiviti yake ni 0.30. Imelegea na imefika nyuzi 90. Chumba kiko kwenye nyuzi 20. Fundi anaipiga picha na kamera iliyoachwa kwenye 0.95. Kanuni ya Stefan na Boltzmann, inayosema mionzi hupanda kwa kipeo cha nne cha joto, inatupa jibu ambalo kamera itaandika: karibu nyuzi 47. Fundi anaona 47, anaona si mbaya, anafunga mlango. Ameikosa hatari kwa zaidi ya nyuzi 40, na kamera yake haina hitilafu yoyote.

Wengi wakishalijua hili hukimbilia menyu na kushusha emisiviti hadi 0.30. Hesabuni ni sawa, lakini kazini ni hatari. Uso wenye emisiviti ya chini hutoa mionzi michache yake mwenyewe na kuakisi mingi ya wengine. Kamera inapolazimika kukuza kile kidogo, inakuza pia kila kosa dogo la makadirio. Nani amekuambia ni 0.30 na si 0.20? Majedwali ya vitabuni hayajaiona boliti yako, na shaba hubadilika kadiri inavyoshika kutu na vumbi la chai.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usipime joto la chuma kinachong'aa kama unaweza kuepuka. Tafuta kitu kilichoshikana nacho chenye uso mzuri. Ganda la plastiki la waya, sentimita chache kutoka kwenye boliti, lina emisiviti ya karibu 0.95 na joto husafiri kupitia shaba hadi hapo. Shimo la skrubu au mfereji mwembamba kati ya vyuma viwili pia hutoa mionzi vizuri kuliko uso ulio wazi, kwa sababu mionzi hugongagonga ndani kabla ya kutoka. Na kama swichibodi ni ya kukaguliwa kila mwaka, siku ya kuzima mitambo bandika vipande vidogo vya tepu, au paka rangi nyeusi isiyong'aa, mahali pale utakapopima. Ni kazi ya asubuhi moja itakayokuhudumia miaka.

Kuna njia nyingine isiyotegemea namba kamili. Fezi tatu za mota moja zina viunganishi vya aina moja, vilivyozeeka pamoja na kubeba mkondo unaokaribiana. Zipige picha pamoja, kwa mpangilio mmoja. Fezi moja ikiwa juu ya wenzake kwa nyuzi 15, umeona tatizo hata kama namba zote tatu ziko chini ya ukweli. Na kama nyuso hizo zinang'aa, jua kwamba tofauti halisi ni kubwa kuliko ile unayoisoma.

Anga la Nanyuki ndani ya bati la Nyeri

Mpangilio wa pili ni joto linaloakisiwa. Kamera inauliza: vitu vinavyokizunguka unachopima, ambavyo mionzi yao inadunda juu yake na kuingia kwenye lenzi, vina joto gani? Namba ya kiwandani ni nyuzi 20. Ndani ya ofisi haina madhara makubwa. Nje, katika miji inayozunguka Mlima Kenya, inaweza kuharibu kila kitu.

Elekeza kamera juu mchana wa Januari pale Nanyuki, hewa ikiwa kavu na mbingu nyeupe. Utashangaa: anga lisilo na wingu husomeka chini ya sifuri, mara nyingi chini kabisa ya kipimo cha mwisho cha kamera, ambacho kwa nyingi ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Sasa elekeza kwenye paa la mabati mapya yasiyopakwa rangi, chini ya jua hilohilo. Bati lina nyuzi 60, haligusiki, lakini kamera itaandika namba iliyo karibu na sifuri. Haijaona bati. Imeona anga likiwa limelala juu ya bati. Nyumba ya jirani yenye mabati ya rangi itasomeka vizuri, kwa kuwa rangi hupandisha emisiviti hadi karibu 0.90. Mtu asiyejua hili ataandika kwamba mabati ya kawaida hupoza nyumba na ya rangi huipasha, na ataiweka kwenye mapendekezo ya zizi la ng'ombe au bweni la shule.

Kisha ije gathano, msimu wetu wa baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hushuka mpaka kwenye vilima vya Tetu na Othaya, na anga lililokuwa chini ya sifuri linakuwa na joto linalokaribia la hewa. Paa lilelile, kamera ileile, mpangilio uleule, namba tofauti kabisa. Ndiyo maana huwezi kulinganisha picha ya nje ya Februari na ya Julai bila kujua joto lililoakisiwa siku zote mbili.

Kulipima si kazi ngumu. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ikunjekunje, halafu ikunjue bila kuinyoosha sana. Iweke karibu na kitu unachopima, ikitazama upande uleule. Weka emisiviti ya kamera 1.00 na umbali sifuri, soma wastani wa joto juu ya karatasi hiyo. Namba utakayopata ndiyo joto linaloakisiwa. Iandike kwenye menyu, rudisha emisiviti ya kitu chako, ndipo uanze kazi. Dakika mbili hazifiki.

Kwenye chuma ndani ya swichibodi kuna chanzo kingine cha mionzi ambacho wengi hukisahau, nacho ni fundi mwenyewe. Uso wake na mikono yake vina nyuzi 30 na zaidi, na shaba iliyong'aa humwonyesha kama kioo. Ukiona doa la joto, sogea hatua moja kushoto. Doa likisogea nawe, ni wewe. Likibaki, ni la kiunganishi.

Umbali na unyevu wa hewa, ambavyo menyu navyo huviuliza, havihitaji kukunyima usingizi. Kwa kazi ya ndani ya mita 10 hewa huchukua kiasi kidogo mno cha mionzi. Jaza namba zinazokaribia ukweli, usonge mbele.

Yasiyorekebishika ofisini

Emisiviti, joto linaloakisiwa, umbali na rangi vinaweza kubadilishwa baadaye kwenye kompyuta, mradi picha ilihifadhiwa pamoja na data zake. Mambo manne hayawezi, na hayo ndiyo ningependa kila fundi ayakariri kabla ya kubonyeza kitufe.

La kwanza ni fokasi. Picha iliyofifia haitoi tu sura mbaya. Inatawanya mionzi ya doa dogo la moto kwenye vihisio vya jirani, na joto la juu linashuka. Hakuna programu itakayolirudisha. Tafuta ukingo mkali wa kitu, rekebisha fokasi mpaka ukingo huo uonekane kama umechorwa kwa kalamu, ndipo upige.

La pili ni upeo wa vipimo. Kamera nyingi zina zaidi ya mmoja, kwa mfano kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 120, na mwingine unaofika 650. Ukienda kwenye mlango wa boila na upeo wa chini, kamera itajaa na namba yoyote itakayoonyesha haina maana. Ukikagua swichibodi na upeo wa juu, utapoteza tofauti ndogo ambazo ndizo ulizozifuata. Chagua upeo mdogo kabisa unaoweza kulibeba joto kali kuliko yote unayoyatarajia.

La tatu ni ukubwa wa doa dhidi ya umbali. Kamera yenye vihisio 160 kwa 120 na lenzi pana ya digrii 57 huona, kwa kila kihisio, eneo la milimita 6 hivi kwa kila mita ya umbali. Ili namba iaminike, kitu kinapaswa kufunika angalau vihisio vitatu kwa vitatu. Basi simama chini ya transfoma iliyo juu ya nguzo, mita 8 kutoka kwenye kamera. Eneo dogo kabisa unaloweza kulipima ni kama sentimita 15. Kiunganishi chenyewe hakizidi sentimita chache. Kinachobaki ndani ya doa hilo ni anga, na tumeshaona anga la huku lilivyo na baridi. Kamera itachanganya boliti ya nyuzi 110 na anga lililo chini ya sifuri, ikupe wastani unaopendeza. Kwa kazi hiyo unahitaji kamera ya 320 kwa 240 yenye lenzi nyembamba ya digrii 24, ambayo kwa mita 8 hupima eneo la sentimita 3 hivi. Kama huna, andika wazi kwenye ripoti kwamba umeona dalili tu, hukupima joto.

La nne ni mzigo, na hapa kalenda ya milima yetu inatutega. Joto la kiunganishi kibovu hupanda karibu na mraba wa mkondo. Mota ikifanya kazi kwa nusu ya mzigo wake, joto linalozalishwa pale ni robo. Kiunganishi kilichozidi wenzake kwa nyuzi 10 siku hiyo kinaweza kuwazidi kwa 30 au 40 mzigo ukijaa. Wakaguzi wengi wa umeme hawakubali kupima chini ya asilimia 40 ya mzigo. Sasa, ni lini meneja wa kiwanda cha chai hupata nafasi ya kuita mkaguzi? Wakati wa gathano, kwa sababu baridi imefanya chai ikue polepole, majani ni haba na mitambo ina nafasi. Ni wakati mzuri wa kufungua milango na wakati mbaya wa kupima. Ukaguzi wa kweli ufanywe mvua za masika au za vuli zimeleta majani na kila mstari unaunguruma. Gathano iachiwe ukarabati wa yale yaliyogunduliwa. Na daima pima mkondo wa kila fezi kwa mita ya kubana waya, uuandike kando ya picha.

Sola nazo zina sheria ileile. Seli mbovu ndani ya paneli hupata joto tu pale jua linaposukuma mkondo wa kutosha, na kiwango cha kimataifa cha IEC 62446-3 kinataka angalau wati 600 za jua kwa kila mita mraba. Chini ya mawingu ya Julai paneli zote huonekana nzima. Subiri jua la Januari au Februari, simama kwa pembe ili kioo cha paneli kisikuonyeshe mwili wako, na epuka siku ya upepo mkali, kwa kuwa upepo huyapoza madoa uliyoyafuata.

Neno la usalama halina budi kuwekwa hapa. Vifuniko vya plastiki na vioo havipitishi mionzi ya kamera hizi, hivyo mara nyingi swichibodi lazima ifunguliwe ikiwa hai. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na mwenye mavazi ya kujikinga, na si ya kijana aliyekabidhiwa kamera kwa kuwa anajua simu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri mzigo huo. Kamera haikulazimishi usogee karibu. Hiyo ni faida yake, itumie.

Rangi haziongezi moto

Kinachomtisha meneja ni wekundu, na wekundu ni mpangilio kama mingine. Kamera ikiachwa ijipange yenyewe, huchukua sehemu ya baridi kuliko zote kwenye picha na kuipa rangi ya mwanzo, kisha ya moto kuliko zote na kuipa ya mwisho. Swichibodi yenye tofauti ya nyuzi 2 tu itang'aa kama jiko la makaa. Siku ya pili, swichibodi yenye tofauti ya nyuzi 60 itaonekana vilevile. Ondoa mpangilio wa kujiendesha. Amua kwamba kwa kazi ya leo rangi zitaanzia, tuseme, nyuzi 20 na kuishia 60, na picha zote za siku zifuate mstari huo. Ndipo jicho litakapoweza kulinganisha kwa haki. Na chagua paleti ya rangi chache, kijivu au ile ya chuma kinachopata moto. Ile ya upinde wa mvua huchora mipaka mahali ambapo joto halina mpaka.

Kazi ya usiku inaonyesha jinsi mpangilio unavyofuata swali. Nchi yetu imetumia kamera hizi kulinda wanyama: WWF na kampuni ya FLIR walizipeleka Maasai Mara mwaka 2016, na mwaka 2019 wakatangaza mradi wa Kifaru Rising kwa mbuga 10 za Kenya. Katika eneo letu, Solio ina vifaru wake kati ya Nyeri na Nanyuki, na Ol Pejeta ndiko alikofia Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, tarehe 19 Machi 2018, akiwaacha majike wawili, Najin na Fatu. Askari anayelinda usiku hapimi nyuzi. Anauliza: kuna kiumbe pale au hakuna? Emisiviti haimsaidii kitu. Anachohitaji ni rangi zilizobanwa kwenye nyuzi chache, paleti ya nyeupe kwa moto, na ujuzi wa saa. Baada ya jua kutua, mawe na udongo wa Laikipia hubaki na joto la mchana, na mnyama au mtu hupotea kati yao. Kadiri usiku unavyokwenda ardhi hupoa, na kabla ya alfajiri kiwiliwili hujitenga wazi. Ukungu ukishuka, hata kamera nzuri hupoteza masafa, kwa maana matone ya maji humeza mionzi.

Tuliliona pia mwaka 2020, bunduki za kupima joto zilipowekwa kwenye milango ya maduka na makanisa. Mtu aliyetembea asubuhi ya baridi hufika na paji lililopoa, na kifaa kinaweza kusoma 34 kwa haki kabisa, kwani hilo ndilo joto la ngozi yake wakati huo. Ndiyo maana mwongozo wa kitaalamu ulitaka mtu apumzike ndani kwanza, na kamera zilenge kona ya ndani ya jicho. Namba ilikuwa sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ripoti inayostahili malipo

Picha ya joto yenye thamani ni ile iliyobeba data za kila kihisio, si sura tu. Hakikisha kwenye menyu kwamba kamera inahifadhi aina hiyo, na kwamba tarehe, saa na kipimo cha Selsiasi viko sawa. Kisha usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp. WhatsApp huibana picha na kuzitupa data zilizofichwa ndani yake, na kinachomfikia injinia ni rangi tupu zisizoweza kukaguliwa tena. Itume kama faili, au kwa barua pepe, au ipeleke kwenye flashi. Kamera ikitoka kwenye gari lenye joto kuingia kwenye baridi ya alfajiri, ipe dakika 10 au zaidi itulie, na sikiliza ule mlio wa kufunga na kufungua unaoonyesha kwamba imejisawazisha kabla ya kupiga picha inayohesabika.

Kwa wakurugenzi wa viwanda vya chai na kahawa, mameneja wa hospitali, wenye hoteli na wakuu wa shule kuanzia Murang'a hadi Meru, ombi langu ni la mkataba. Andikeni ndani yake kwamba kila picha itaambatana na emisiviti iliyotumika na sababu yake, joto lililoakisiwa na jinsi lilivyopimwa, umbali, upeo wa vipimo, mkondo wa kila fezi wakati wa kupima, na faili asili. Ulizeni kama mkaguzi amefunzwa kwa kiwango cha ISO 18436-7, kinachohusu wataalamu wa picha za joto. Anayeijua kazi yake hatakasirika; atafurahi kupata mteja anayeelewa.

Na kwa vyuo vyetu: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina wahandisi, shamba la kahawa na hifadhi ya wanyamapori katika eneo moja. Sioni mahali pazuri zaidi Kenya pa kufundishia kamera hii kwa kazi zake zote, mchana kwenye mota na usiku kwenye ua. Mafundi wa Nyeri National Polytechnic wanahitaji somo hilohilo, na vifaa vya kuanzia ni sufuria, tepu nyeusi na karatasi ya alumini.

Kamera inagharimu maelfu ya shilingi, na swichibodi ya kiwanda mamilioni. Kinachoziunganisha ni namba chache ambazo mtu mmoja alizijaza, au hakuzijaza, kabla ya kubonyeza kitufe. Ripoti isiyozionyesha namba hizo irudishwe kwa aliyeiandika, na malipo yangoje mpaka azionyeshe.